Korongo Lipimwe Kabla ya Parseli

Barabara ya taifa namba 5 ya Kongo ikitoka Uvira kwenda Baraka hushika mwambao kwa takriban kilomita 90, ziwa Tanganyika likiwa kushoto na mlima kulia, na sehemu nyingine hakuna nafasi ya kitu cha tatu. Mlima unashuka hadi majini, barabara inajibana kama mtu anayepita ubavuni mwa ukuta. Halafu ukuta unapasuka. Mto unatokea kwenye mlango mwembamba wa mawe, na mbele ya mlango huo nchi inatanuka: mihogo, michikichi, soko, shule, kanisa, nyumba za matofali zikifuatana mpaka ufukweni kwenye mitumbwi ya wavuvi wa ndakala. Makobola, Mboko, Lusenda, hata Baraka yenyewe kwa upande wa mto Mutambala. Senta nyingi za mwambao huu wa teritwari ya Fizi zimekaa mdomoni mwa korongo au jirani yake. Wazee waliochagua kukaa hapo hawakuwa wajinga. Hapo ndipo penye maji matamu, mchanga wa kujengea na ardhi isiyoteleza chini ya jembe.

Lakini tambarare ile ina historia yake. Anayechimba msingi wa nyumba kwenye sehemu kama hizo hukutana na mawe ya mviringo, mengine ya ukubwa wa kichwa cha mbuzi, yamelala ndani ya mchanga na changarawe bila mpangilio. Jiwe halizaliwi mviringo. Limeviringishwa na maji kutoka juu, likagonga wenzake njia nzima, likaachwa pale maji yalipoishiwa nguvu. Maana yake tambarare yote imeletwa na mto, furiko baada ya furiko, kwa maelfu ya miaka, na mto haujamaliza kazi. Leo unapita kusini mwa soko. Zamani ulipita kaskazini. Kesho, mkondo wake ukijaa mawe, utatafuta njia nyingine juu ya uwanda uleule ambao sisi tumekwisha kuukata parseli. Ndiyo sababu nasema kwamba usalama wa parseli ya Mboko au Baraka haujulikani kwa kuitazama parseli. Unajulikana kwa kulipima korongo lililo juu yake, na mamlaka inayotia muhuri kwenye hati ya kiwanja kabla ya kipimo hicho inauza kitu isichokijua.

Ushahidi hatuhitaji kuutafuta mbali. Aprili 2020 mito ya Uvira, Mulongwe ukiwa mbele, ilivunja kingo; watu zaidi ya 40 walikufa na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, maji na matope yalishukia Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe, na waliozikwa walizidi 400, mbali na wengi ambao hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 zamu ikafika kwetu Fizi: mto Kasaba, katika sekta ya Ngandja, ulishuka na mawe, matope na miti juu ya kijiji kilicholala, na hesabu ya maofisa ikapita watu 100. Kila mara neno lililotumika redioni lilikuwa moja, mvua. Mvua ilinyesha, ni kweli. Ila mvua hiyohiyo ilinyesha pia juu ya vijiji ambavyo asubuhi yake walifagia uwanja na kwenda shambani. Kilichotenganisha vijiji hivyo ni umbo la nchi iliyo juu yao, yaani ukubwa wa bonde linalokusanya maji, wembamba wa mlango yanapotokea, na mahali ambapo nyumba zimesimama mbele ya mlango.

Tufanye hesabu kidogo, maana hoja hii husikika kama maneno matupu mpaka iwekewe tarakimu. Chukua bonde la mfano lenye ukubwa wa kilomita 40 za mraba, ambalo si kubwa kwa mito inayoteremka kwenye ziwa hili. Mvua ya milimita 60 ikinyesha juu yake kwa saa tatu, yanaanguka maji mita za ujazo 2,400,000. Tuseme nusu inazama ardhini au kubaki kwenye majani, na nusu inashuka. Hiyo ni mita za ujazo 1,200,000 ambazo lazima zipite kwenye mlango mmoja. Zikigawanywa kwa sekunde za saa tatu tunapata kama mita za ujazo 111 kila sekunde. Mlango ukiwa na upana wa mita 10 na maji yakikimbia mita tatu kwa sekunde, kina chake kitakaribia mita nne. Mlango ukiwa na upana wa mita 25, kina ni mita moja na nusu. Mvua ni ileile na mlima ni uleule, lakini fundi wa daraja, mwalimu mkuu anayepanga madarasa na mama anayenunua kiwanja wana mambo mawili tofauti kabisa ya kuogopa. Na sijasema lolote kuhusu hali mbaya kuliko zote, pale kipande cha mlima kinapoporomoka ndani ya korongo na kuziba mahali pembamba. Mto hapo chini unapungua ghafla, watu wanafurahi kwamba mvua imekwisha, kumbe maji yanajipanga nyuma ya bwawa la udongo ambalo halina mjenzi. Likivunjika, saa tatu za maji zinashuka kwa dakika chache.

Ziwa letu lenyewe liliwahi kufanya hivyo kwa kipimo kikubwa. Katikati ya karne ya 19 mto Lukuga, njia pekee ambayo maji ya Tanganyika hutokea kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Mvumbuzi Cameron aliuona 1874, Stanley, mvumbuzi mwingine, akaukuta 1876 ukiwa bado umefungwa, na ziwa likiendelea kupanda. Muda mfupi baadaye kizuizi kilivunjika, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Kizuizi cha korongo la Fizi ni kidogo mara elfu, ila nyuma yake hakuna miaka ya kusubiri.

Sasa ziko wapi namba hizi za mabonde na milango? Nyingi hazipo. Anayebisha atasema: mbona dunia nzima imekwisha kupigwa picha na satelaiti? Ni kweli kwamba Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa nchi kwa rada, na tangu 2014 data hizo zinapatikana bure kwa Afrika katika miraba ya mita 30. Ziko pia data nyingine za mita 30, bora zaidi, zilizotokana na satelaiti za rada za Kijerumani zilizopima kati ya 2011 na 2015. Ni zawadi kubwa, na mtu yeyote mwenye kompyuta Baraka anaweza kuzishusha usiku mmoja intaneti ikiwa na huruma. Zinatosha kujua bonde linaanzia wapi na lina kilomita ngapi za mraba. Nusu ya hesabu niliyoifanya hapo juu inapatikana humo.

Nusu ya pili haipatikani, na sababu yake inafaa ielezwe taratibu. Kila mraba wa mita 30 kwa 30 katika data hizo hupewa kimo kimoja tu. Sasa weka ndani ya mraba mmoja korongo lenye upana wa mita 15 na kuta za mita 20. Ukingo wa kushoto, ukingo wa kulia na sakafu ya mto vinachanganywa kama chumvi na sukari katika kikombe kimoja, na kimo kinachotoka si cha ukingo wala si cha mto. Kwenye skrini mwanya ule unaonekana kama mbonyeo laini, mahali pa kulisha mbuzi. Zaidi ya hapo, rada hutazama kwa ubavu, kwa hiyo nyuma ya ukuta mrefu kunabaki kivuli ambacho hakikupimwa, kikajazwa baadaye kwa makisio. Na penye msitu mnene rada husoma karibu na vilele vya miti kuliko ardhi. Kwa ufupi, makosa ya data hizi hujazana hasa pale tunapozihitaji zaidi: penye mteremko mkali, penye wembamba, penye miti. Zinaweza kukuambia vizuri sana kuhusu uwanda wa Ruzizi. Kuhusu mlango wa mto ulio juu ya Mboko zinakuambia kwamba pana mto.

Ramani za karatasi hazitoshi vilevile. Taasisi ya Jiografia ya Kongo ilianzishwa 1949, wakati wa Wabelgiji, na kazi nyingi ya kupiga picha kwa ndege ilifanyika miaka ya 1950. Picha zile si takataka. Watafiti wamezitumia kulinganisha maporomoko na misitu ya bonde la Kivu ya 1958 na ya siku hizi, wakaonyesha jinsi ukataji miti na ongezeko la watu vilivyozidisha hatari. Lakini ramani iliyochorwa wakati Baraka ni kituo kidogo haikuwa na sababu ya kuuliza mto ungepita wapi ukikuta mji.

Mwambao huu una kumbukumbu ya kosa la ramani ambalo lingestahili kufundishwa darasani. Mwaka 1858 wavumbuzi Burton na Speke walipita hapa kwa mtumbwi wakielekea Uvira, na Burton akaiandika Ubwari kuwa kisiwa. Ubwari si kisiwa. Ni rasi iliyoshikamana na nchi kavu kusini, na maji yaliyo kati yake na Baraka ni ghuba, ile ambayo bado inaitwa kwa jina la mtu aliyekosea. Kosa lilitokana na mahali alipokaa. Ukitazama kutoka majini unaona ncha na miinuko, huoni panapoungana. Miaka zaidi ya 160 baadaye nadhani tunarudia kosa lilelile kwa upande wa mlima. Mipango ya mji hutazamwa kutoka barabarani: hapa soko, hapa mtaa mpya, hapa eneo la kambi, na kule nyuma mlima umechorwa kama pazia. Pazia halina sakafu wala mlango wala kina.

Na mji unakua. Baraka ilipewa hadhi ya mji kwa amri ya serikali ya 2013, pamoja na Uvira, ingawa utekelezaji ulichukua miaka. Kabla ya hapo, kuanzia 2005, maelfu ya wakimbizi wa Fizi walirejeshwa kutoka kambi za Kigoma kwa meli na kushukia Baraka. Wengi waliondoka wakiwa vijana wakarudi na watoto, au walizaliwa Tanzania na hawakuwahi kuuona mto wa kwao ukifurika. Mwaka 2015 wakaja Warundi, ikazaliwa kambi ya Lusenda, kisha makazi ya Mulongwe, ambayo si kando ya ule mto wa Uvira. Wakimbizi wa ndani kutoka nyanda za juu wanateremka kila vita vinapopamba moto. Juu ya yote hayo ziwa limepanda. Tangu 2020 limemeza nyumba na mashamba ufukweni, na 2024 lilifika viwango ambavyo havikuonekana tangu miaka ya 1960. Aliyefukuzwa na ziwa anasogea juu, kuelekea mlima, na juu maana yake ni mdomoni mwa korongo. Maji yanamsukuma kwa nyuma huku maji mengine yakimsubiri mbele.

Kuna wanaosema kwamba wenyeji wanalijua korongo lao, na hawahitaji mtu wa kompyuta kuja kuwaambia mto unapita wapi. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli na ni nusu yenye thamani. Mzee wa Kibembe aliyelima kando ya mto kwa miaka 50 anajua jiwe ambalo maji yalilifikia mwaka fulani, anajua mahali ambapo babu zake walikataza kujenga, anajua jina la kijito ambacho ramani ya serikali imekiacha bila jina. Ramani isiyokuwa na maarifa haya ni karatasi ya mgeni. Ila maarifa ya mzee yana mipaka miwili. Kwanza, yanakaa kwa mzee; mkimbizi aliyefika mwaka jana na kununua kiwanja kwa mtu wa kati hakuambiwa, na aliyemuuzia hakuwa na faida ya kumwambia. Pili, mzee anajua alichokiona. Furiko linalokuja mara moja katika miaka 100 huenda halimo katika kumbukumbu ya yeyote aliye hai, na poromoko la kichwani mwa bonde, mwendo wa siku nzima juu, halionekani kutoka shambani. Kwa hiyo mzee na kipimo wanahitajiana. Jiwe lake likipewa kimo kwa mita, linakuwa ushahidi ambao hata meya hawezi kuupita kimya.

Wengine wanasema tatizo ni makaa na mashamba ya milimani, basi tupande miti. Tupande, nani atakataa? Lakini mti uliopandwa leo unahitaji miaka kabla mizizi yake haijashika mteremko, na korongo halikuchongwa na wachoma makaa. Lilikuwepo kabla ya Fizi kuitwa Fizi. Isitoshe, bila ramani ya miteremko hujui upande wapi. Miche 10,000 kwenye kilima cha karibu na barabara, pale ambapo mfadhili anaweza kuipiga picha, haizuii jiwe moja linaloporomoka kilomita 12 ndani.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi hapa kwetu kuliko Kigoma au Bujumbura. Watasema ramani ya kina ya makorongo itawasaidia wenye bunduki, na ndege isiyo na rubani ikionekana juu ya Mboko watu watakimbia porini kabla hawajauliza ni ya nani. Hofu ya pili ni ya haki, na siku hizi droni si kitu cha kurusha kiholela. Hofu ya kwanza siiamini. Milima hii imewaficha wapiganaji tangu uasi wa miaka ya 1960. Che Guevara alikaa humu kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, na Laurent-Désiré Kabila aliweka ngome yake ya Hewa Bora huko kwa miaka mingi. Hakuna kundi lililosubiri ramani ya mita moja ili lijue njia ya kupita. Na jeshi lolote lenye fedha linanunua picha za satelaiti kali kuliko chochote ambacho mji wa Baraka utaweza kulipia. Siri ya korongo haimfichi raia kwa mwenye bunduki. Inamficha mto kwa raia.

Jingine linalofanana nalo ni ugomvi wa mipaka. Neno ramani likitamkwa Fizi, wengi husikia Minembwe, komini ya nyanda za juu inayogombaniwa. Komini ile ilipozinduliwa Septemba 2020 hasira iliwaka hadi Kinshasa, na mwezi uliofuata Rais Tshisekedi akatangaza kuifuta. Ni haki watu waulize: hawa wapimaji wanatafuta nini juu ya mlima wetu? Jibu linapaswa kuwa katika kazi yenyewe, si katika hotuba. Ramani ya sura ya nchi inaonyesha kimo, mteremko, maji, miamba. Haina haja ya mstari hata mmoja unaosema upande huu wa nani na ule wa nani. Bonde la mto halifuati kabila wala sekta. Maji yanayoua Mbembe mdomoni mwa korongo yanaweza kuwa yameanguka juu ya malisho ya Mnyamulenge au shamba la Mfuliiru, na yule wa juu anaweza kuwa mtu wa kwanza kuona mlima umepasuka. Nakubali kwamba karatasi ikishatoka mwanasiasa ataitumia atakavyo. Lakini karatasi isiyo na mipaka ni ngumu kuitumia kwa mipaka, na ndiyo maana iachwe bila mipaka kwa makusudi.

Zaidi ya hayo, nchi hii haikosi uwezo wa kupima mlima pale inapotaka. Tangu Kanuni ya Madini ya 2002 ipo Kadasta ya Madini, ambayo imeigawa Kongo yote katika miraba ya takriban hekta 85, na kwa kila mraba unaweza kujua kama una kibali, cha nani, hadi lini. Misisi na vilima vyake vya dhahabu vimo. Yaani mtu akiwa Kinshasa au Toronto anaweza kuuliza mraba fulani wa mlima wa Fizi na akajibiwa; mama wa Mboko akiuliza mlango wa mto ulio juu ya nyumba yake una upana gani, hakuna dirisha la kwenda kuuliza. Sisemi madini yasipimwe. Nasema tumeonyesha kwamba dola inaweza kuujua mlima vizuri linapokuja suala la kitu cha kutoa ndani yake.

Pesa? Mji mzima haupimwi, wala nchi nzima. Kinachohitaji kipimo cha karibu ni kilomita mbili au tatu za mwisho za kila korongo, kutoka pale linapoanza kubana hadi pale nyumba ya kwanza iliposimama. Hapo kazi inaweza kufanywa na mwanafunzi wa jiolojia kutoka Bukavu, vijana wanne wa kijiji, kamba yenye alama za mita na ule mpira mwembamba wa maji ambao kila fundi mwashi anautumia kusawazisha msingi. Maji ndani ya mpira hukaa kimo kimoja ncha zote mbili, hayadanganyi, hayahitaji betri. Kila baada ya mita 100 wanavuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, wanaandika upana, kina na urefu wa alama ya furiko la mwisho: matope makavu ukutani, majani yaliyonasa kwenye matawi. Simu inatoa mahali. Mwinuko wa mbali unatoka kwenye data za bure. Watu wa ramani huria, waliochora nyumba na barabara za vijiji vyetu kwa ajili ya wahudumu wa afya, wanajua namna ya kuziweka pamoja. Vipimo hivyohivyo vitamsaidia pia anayetaka kuteremsha maji safi ya bomba kwa mteremko, jambo ambalo katika nchi ya kipindupindu kama mwambao huu lingelipa gharama peke yake.

Linabaki swali gumu, la droo. Ofisi zetu zimejaa ramani nzuri ambazo hakuna aliyezifungua tangu siku ya semina. Utafiti uliochapishwa 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo ya mijini 2,922 katika miji 26 ya Kongo, marefu jumla ya karibu kilomita 740, ambayo yamewahamisha watu zaidi ya 100,000 katika miaka 20. Yale ni ya aina nyingine, yanachimbwa na maji ya barabara na mapaa ya mji wenyewe, lakini yanatuambia jambo moja baya: mengi yalikua huku watu wakiendelea kujenga karibu nayo. Kujua peke yake hakumzuii mtu anayepata mkate wake kwa kuuza parseli. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni mali ya dola, lakini parseli inapita kwa chefu, kwa mtu wa kati, kwa ofisi ya hati, na kila mkono una sababu ya kutouliza. Ndiyo sababu kipimo kisiwe faili tu. Kiambatanishwe na hati yenyewe: kiwanja kilicho mdomoni mwa korongo kisiandikishwe bila ukurasa mmoja unaotaja bonde lililo juu yake, upana wa mlango na kimo cha furiko linalojulikana. Mnunuzi akiona ukurasa huo na bado akanunua, amenunua kwa macho. Asipouona, ana la kudai. Naamini madai machache ya aina hiyo mahakamani yangefundisha ofisi zaidi ya semina kumi. Na ambao wamekwisha kujenga? Hao hawahamishwi kwa kalamu, na ninayemwogopa ni kiongozi atakayetumia ramani kuwafukuza maskini ili awape wengine. Kwa hao kipimo kina kazi nyingine: njia ya kukimbilia iliyochaguliwa mchana, mtu wa juu mwenye simu, kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti kupigwa mto unapopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha.

Wakati wa kazi hii unajulikana. Kufikia Juni mvua zimekatika, mto umeshuka hadi magotini, mawe yamekauka na sakafu ya korongo inapitika kwa miguu. Alama za matope za msimu uliopita bado ziko ukutani, hazijafutwa. Kundi la watu watano linaweza kumaliza korongo moja ndani ya wiki, na rangi nyekundu ya kopo moja inatosha kuchora mstari wa furiko kwenye jiwe kubwa la mlangoni, na tarehe chini yake, pale ambapo kila anayekwenda shamba atapita. Septemba mawingu yanaanza kurudi juu ya milima ya Itombwe.